Noti Niliyoipiga Pasi

Kabla mke wa shemeji yangu hajafika nyumbani kwetu, hakuna dola iliyoingia dukani bila kupita mikononi mwangu. Nalisema hili kwa majivuno na sitaomba radhi. Baba mkwe wangu alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Rohero, Bujumbura, duka alilorithi kwa baba yake aliyetoka Omani akiwa kijana, na katika miaka ile ya vita vitambaa vilikuwa kisingizio tu. Nani angenunua kitenge kipya wakati barabara za milimani zimefungwa na mji mzima unajifungia ndani jua likizama? Biashara yetu hasa ilikuwa dola. Aliyekwenda Dubai kununua mali alizitaka, aliyekuwa na mtoto shuleni Kampala alizitaka, na aliyekuwa anajiandaa kukimbia alizitaka kuliko wote.

Mzee alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, ila macho yalikuwa yamemtupa mkono. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayeingia, basi. Kwa hiyo aliniketisha upande wake wa kulia. Mteja akileta noti, mzee aliipokea, akajifanya anaitazama, kisha akanipitishia kana kwamba ni desturi ya duka. Nilipitisha ukucha kwenye kola ya koti la yule bwana aliyechorwa kwenye noti ya mia, maana wino wa kweli unakwaruza ukucha na wa bandia unateleza. Nilitafuta nyuzi ndogo nyekundu na za bluu ndani ya karatasi. Nilitazama mwaka. Noti mpya zenye picha kubwa tuliziita vichwa vikubwa, nazo tulizichukua kwa bei kamili. Za zamani, vichwa vidogo, tulizikata bei, na zikiwa na mchaniko au wino wa kalamu tulizikata tena. Nikimaliza niligonga meza kwa kidole, mara moja kwa nzuri, mara mbili kwa mbaya. Kwa miaka sita sikumtia mzee hasara hata ya dola moja.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa kwangu. Mimi si wa damu yao. Nilizaliwa Kanyosha, pembeni mwa mji, kwa wazazi Wakristo waliolima mihogo na kuuza maharage, nikasilimu ili niolewe na mtoto mkubwa wa nyumba ile. Mashangazi wa mume wangu walinipokea kwa tabasamu la meno ya mbele tu. Walisema, nikiwa palepale na sinia mkononi, kwamba pilau langu lina mkono wa shamba. Mume wangu alikuwa mtu wa safari, Kigoma na kurudi, hakuwepo kunitetea. Kisha siku moja nilikamata dola elfu moja za bandia mikononi mwa bwana aliyevaa suti na viatu vya kung'aa, bwana ambaye mashangazi walikuwa wamemletea chai wenyewe. Tangu siku hiyo pilau langu halikuwa na kasoro.

Basi akaja yeye. Shemeji yangu mdogo alimwoa Bukavu akamleta na masanduku matatu, na sanduku moja lilikuwa limejaa vitabu. Alikuwa mwembamba, mweupe kama wao, na Kifaransa chake kilitoka kama maji ya bomba. Baba yake alikuwa akinunua sarafu na noti za kale kwa watu wa Kivu na kuwauzia Wazungu wanaokusanya vitu hivyo. Mzee alimpokea mlangoni akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, na sikuona nilichokuwa ninaumwa hadi nihitaji kupona.

Wiki mbili alikaa ndani. Wiki ya tatu aliomba aje dukani aone mji. Alikaa nyuma yetu kwenye robota la vitambaa, akifuma kitambaa cha mtoto ambaye hata hakuwa na mimba yake. Akaingia mwalimu mmoja na noti ya dola tano. Niliitazama, nikaona muhuri wake ni mwekundu, na namba zake nyekundu. Dola ina muhuri wa kijani, kila mtu anajua. Niligonga meza mara mbili, mzee akamrudishia mwalimu noti yake, naye akatoka ameinamisha kichwa.

Ndipo sauti ikatoka kwenye robota.

"Samahani, baba. Ile si ya bandia. Iko ya zamani tu. Mbele walikuwa wanatoa ya muhuri mwekundu, serikali yao yenyewe."

Aliomba ruhusa, akatoka mbio, akamrudisha mwalimu kutoka barabarani. Akamweleza mzee, kwa upole ule wake ulionichoma kuliko matusi, kwamba Wamarekani walibadilisha rangi za muhuri mara nyingi: kijani, nyekundu, bluu, na kwamba anayetazama rangi peke yake anajidanganya. Ukitaka kuijua noti ya kale, alisema, unasoma mwaka, halafu herufi iliyo pembeni ya mwaka, halafu majina ya waliotia sahihi, halafu ndipo unatazama rangi. Mzee aliinunua noti ile, na mwezi haukuisha kabla baba wa yule binti, huko Bukavu, hajamletea mteja aliyelipa mara nne.

Mzee alicheka sana siku ile. Alisema, "Umesikia, mama? Mutoto anakufundisha kazi." Alisema kwa utani. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda chooni nikasimama huko nikiuma kanga yangu.

Sitaki kudanganya kuhusu yaliyofuata moyoni mwangu. Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Kwa vidole vyake virefu. Kwa kitabu chake kinene cha Kifaransa chenye picha za noti, alichokifungua kama watu wanavyofungua msahafu. Nilimwonea wivu hata kwa kukohoa kwake, kwa sababu alipokohoa mzee aliuliza kama amekunywa dawa, na mimi nilikohoa miaka sita hakuna aliyeuliza. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilingoja kwa hamu kidonda kionekane. Hakikuonekana. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Aliniita dada. Mashangazi wakaanza kusema kwamba pilau la Bukavu lina harufu ya nyumbani.

Kisha likaja jambo la bahasha.

Baba wa mzee, yule wa kwanza kutoka Omani, aliwahi kumuuzia ngozi Mgiriki mmoja aliyetoka Misri, akalipwa kwa dola ambazo hakuna benki iliyozitaka baadaye. Bahasha ilikaa katika kabati la chuma la duka tangu wakati huo, noti nane ndani yake. Mimi nilizijua. Mzee aliwahi kunionyesha, nikamwambia hazifai, muhuri wake ni wa manjano, nani ameona dola ya manjano? Akazirudisha. Sasa, kwa sababu ya ile noti ya mwalimu, alikumbuka, akamwita mkwe mdogo.

Alizipanga juu ya kitambaa cheupe akazisoma moja moja kwa kioo cha kukuzia, huku mzee amegeuza uso wake upande wa sauti yake. Alisema ni noti za vita vikuu vya zamani. Wamarekani walizitia rangi ya manjano kwa ajili ya askari wao waliopigana Afrika ya kaskazini, ili adui akizikamata wazifute zote kwa tangazo moja. Tano zilikuwa za dola moja, zina bei, si kubwa. Mbili zilikuwa za kumi, zina bei nzuri kidogo. Alipofika ya nane akafungua kitabu chake, akafunga, akafungua tena.

"Baba, hii ya kumi haina herufi. Zingine ziko na A pembeni ya mwaka. Hii apana. Zilitoka kidogo sana." Kisha akasema, "Asiiguse mutu. Hata mi siigusi tena."

Aliposema mtu alikuwa ananitazama, au ndivyo nilivyodhani.

Bei iliyokuwa katika kitabu ilitosha macho mawili. Hivyo ndivyo tulivyoipima noti ile tangu saa hiyo, kwa macho. Daktari wa Bujumbura alikuwa amemwambia mzee aende Nairobi, apasuliwe yote mawili, na asikawie, maana ikipita muda zaidi hata kisu hakitamsaidia. Pesa haikuwepo. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimetukausha, na hata baada ya kuondolewa hatukunyanyuka. Sasa kulikuwa na Mbelgiji aliyejulikana na baba wa Bukavu, anayekusanya noti za vita, na alikuwa anakuja Bujumbura kushughulikia nyumba ya mjomba wake marehemu. Angefika Jumanne.

Ijumaa kabla yake, baada ya sala, tulikaa kula wote. Mzee alisema mbele ya mashangazi kwamba Mungu amemletea nuru kupitia mkwe mdogo. Akavua ufunguo wa kabati shingoni mwake akampa yeye. Akasema pia kwamba Nairobi atakwenda naye, amshike mkono, kwa kuwa anajua kuzungumza na Wazungu na madaktari. Nilikuwa namwekea mzee mchuzi. Nikaendelea kumwekea, mpaka ukafurika ukachafua kitambaa cha meza, na shangazi mmoja akacheka.

Miaka sita nilikuwa macho yake. Sasa alikuwa anakwenda kutafuta macho mengine, na wa kumshika mkono si mimi.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya mji wetu. Bujumbura, dola iliyokunjika ni dola mgonjwa. Mchuuzi wa dola ataikunjua, atapinda midomo, atakukata bei. Kwa hiyo kila nyumba iliyofanya biashara hii ilijua kuosha noti na kuipiga pasi. Unaweka povu la sabuni ya kipande kwenye bakuli, unaipapasa noti kwa brashi ya meno iliyochakaa, unaisuuza, unaikausha kati ya taulo mbili, kisha unaiweka chini ya kitambaa cha pamba na kupitisha pasi ya makaa, si moto sana, na tone la wanga likihitajika. Mimi katika kazi hiyo sikuwa na mpinzani Rohero yote. Wafanyabiashara waliniletea noti zilizotoka kwenye soksi na sidiria, nikazirudisha zimesimama kama zimetoka kiwandani leo. Niliwahi kusikia mtu akisema, muke wa mutoto wa Mwarabu anafufua dola.

Na ile noti ya manjano ilikuwa imekunjwa mara moja katikati, na ilikuwa na doa la kahawia pembeni, labda mafuta ya karafuu ya yule marehemu wa Omani. Nilikuwa nimeona. Nikawaza, huyu binti na kitabu chake, anamletea Mzungu noti yenye doa. Mzungu atapinda midomo. Na nikawaza jambo la pili, nalo ndilo la kweli zaidi: Mzungu akiiona imesimama, safi, atauliza nani aliitunza hivi, na mzee itambidi aseme jina langu.

Kabati lile lilikuwa na funguo mbili. Mzee alikuwa amesahau kwamba wa pili ninao mimi.

Jumatatu mchana duka lilifungwa kwa chakula. Mzee alilala, mkwe mdogo alikwenda kwa mashangazi. Niliwasha makaa. Niliosha noti ile kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumwogesha mtoto. Doa lilitoka. Mkunjo ulikubali kwa mara ya tatu ya pasi. Muhuri wa manjano ulikuwa umepauka kidogo, nikajiambia ni mwanga wa dirisha. Nikairudisha kwenye bahasha, nikafunga kabati, nikala chakula changu kwa hamu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa wiki kadhaa.

Mbelgiji alikuwa mtu mfupi mwenye koti la mifuko mingi. Alikaa, akanywa chai, akasifu duka. Zile saba alizitazama haraka akataja bei. Ya nane aliitoa kwa kibanio kidogo cha chuma, akaielekeza kwenye mwanga, na nikaona uso wake ukifunguka. Niliunyoosha mgongo wangu. Kisha aliigeuza, akaivuta karibu na pua, akainusa. Akapitisha kidole. Halafu akauliza kwa Kifaransa, taratibu, nani ameiosha.

Alieleza, na mkwe mdogo akatafsiri. Karatasi iliyochapwa kama dola ina mabonde na vilima vya wino, mkusanyaji hununua hivyo hasa. Pasi imevilaza vyote. Mkunjo na doa havikuwa kitu, noti ya miaka hiyo kuwa na mkunjo ni haki yake. Sasa ni noti adimu iliyokufa. Angeweza kuichukua, kwa sababu hakuwa ameona nyingine kwa macho yake, lakini kwa sehemu ndogo tu ya bei. Akaitaja. Nilipiga hesabu haraka kuliko wote, ni kazi yangu. Ukijumlisha na zile saba, ilikuwa jicho moja.

Mzee hakuelewa mara moja. Aliuliza, "Nani aliiosha?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini mkwe mdogo alikuwa tayari amesema.

"Ni mi, baba. Niliona iko na doa. Mi sikufikiri."

Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mashangazi walipata habari kabla ya alasiri, na kufikia magharibi pilau la Bukavu lilikuwa na mafuta mengi mno. Mzee hakumgombeza. Alisema tu kwamba mtu anatembea na jicho moja, wengi wanatembea. Alimwomba ufunguo, akanipa mimi. Akasema Nairobi atakwenda na mtoto wake mdogo. Kwa siku moja nilirudishiwa kila kitu nilichokuwa nimekililia.

Nilimfuata mkwe mdogo jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakulia. Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa na hasira naye, mnielewe, hasira kama aliniibia kitu.

Alisema, akiendelea na mchele, "Dada, mi wakinichukia, baba yangu iko Bukavu, nitapanda gari nirudi. We utarudi wapi?"

Nyumba yetu ya Kanyosha ilikuwa imechomwa, na wazazi wangu walikuwa kambini Tanzania. Sikuwahi kumwambia. Alikuwa ameuliza watu, au alisikiliza tu, kama alivyosoma noti, mwaka kwanza, halafu herufi ndogo ya pembeni. Nilitoka jikoni bila kumshukuru. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu uliyeyuka. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu hata kwa wema ule. Mimi nisingeweza kuufanya, na yeye aliufanya huku akitoa mawe kwenye mchele.

Miezi mitatu nilikaa upande wa kulia wa meza nikigonga mara moja, mara mbili, na yeye akikaa ndani akitukanwa kwa nusu maneno. Kila siku nilijiambia kesho nitasema. Kesho yake nilikuwa na wateja.

Mzee alirudi kutoka Nairobi na jicho la kushoto limefunguliwa. La kulia daktari alisema lisubiri pesa, na pesa hiyo haikupatikana tena maishani mwake. Siku ya kwanza dukani alitembea akigusa vitambaa akitaja rangi zake kwa sauti, zambarau, samli, kijani cha mgomba, akiwa na furaha ya kitoto. Kisha alikaa. Aligeuka mwili mzima ili jicho lile linifikie, akanitazama. Hakuwa ameniona vizuri kwa miaka sita. Mimi ndiye niliyeangalia chini.

"Nimekaa na yule mutoto mwaka huu wote," alisema. "Hajui hata kuwasha pasi ya makaa. Kwa baba yake kulikuwa na boyi wa kupiga pasi."

Duka lilikuwa tupu. Nje kuna mtu alikuwa anapitisha mkokoteni wa mkaa.

"Ni mimi, baba," nilisema.

"Najua. Nilikuwa ninangoja unambie."

Hakunifukuza. Nilinyanyuka, nikaingia ndani, nikamkuta mkwe mdogo anafua, nikamwambia baba anamwita dukani na kwamba nimeshasema. Alikausha mikono yake kwenye kanga akanifuata. Nilimwacha akae upande wa kulia, mimi nikasimama nyuma, kwenye marobota. Shangazi mmoja alipita akatazama mpangilio ule mpya, akafungua mdomo, mzee akamgeuzia lile jicho moja, akaufunga.

Aliyefuata alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mama wa samaki. Alinyoosha noti yake moja kwa moja kwangu, juu ya kichwa cha yule mwingine, kwa mazoea. Nilikuwa nimeshaishika. Nikampa mke wa shemeji yangu aisome yeye, na vidole vyangu vilichelewa kuiachia.